Asili ya Vidonge vya Kila Siku Baada ya Kupasuliwa Tumbo

Tarehe 29 Januari mwaka 1881, katika mji wa Vienna, tabibu Theodor Billroth alimpasua mwanamke mwenye saratani, akaikata sehemu ya chini ya tumbo lake na kuiunga iliyosalia na utumbo mwembamba. Na yule mwanamke, kinyume cha waliotangulia kupasuliwa hivyo, aliinuka kitandani akaishi miezi kadhaa mpaka saratani iliporejea. Mwaka 1897 Carl Schlatter wa Zurich aliliondoa tumbo zima, na mgonjwa wake akaishi zaidi ya mwaka. Ulimwengu wa tiba ulistaajabu, na ulikuwa na haki ya kustaajabu. Walakini, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hao mauti yaliwawahi mapema, hakuna aliyepata kuona ni nini kilichotolewa mwilini pamoja na nyama iliyokatwa.

Jambo hilo lilidhihirika walipopasuliwa watu wa vidonda vya tumbo, ambao walipona na kurejea kazini. Ini la mtu mzima huweka akiba ya vitamini B12 ya miaka kadhaa, na kwa hiyo upungufu wake hauji mara moja: mtu hupauka, huishiwa pumzi akipanda ngazi, hufa ganzi nyayo, wakati ambapo yeye na aliyempasua wamekwisha lisahau kovu. Kuchelewa huku ndiko hatari yenyewe, nami naona kwamba mgonjwa aruhusiwaye kwenda nyumbani na orodha ya vidonge bila kuelezwa habari hii amedhulumiwa.

Ufunguo wa kujua kwa nini tumbo likikatwa B12 hupungua ulipatikana Boston. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy walitangaza kwamba wagonjwa 45 wa upungufu wa damu ule ambao aghalabu uliua walipata nafuu kwa kula maini mengi kila siku. William Castle, tabibu kijana wa mji huohuo, akajiuliza kwa nini mtu mzima wa siha hahitaji kula maini kwa wingi namna ile. Akala nyama ya ng'ombe iliyosagwa, gramu 300, akangoja saa moja, akaitapika, akaiacha katika joto mpaka ikayeyuka, kisha akawapa wagonjwa kwa mpira uliopitishwa hadi tumboni; na katika muda wa siku kumi hivi chembe changa za damu zikaongezeka. Nyama peke yake haikufaa, wala majimaji ya tumbo peke yake hayakufaa. Ikathibitika kwamba tumbo hutoa kitu cha kuichukua ile dawa iliyomo katika chakula na kuifikisha utumboni, na aliyekatwa tumbo amekatwa mchukuzi huyo. Mwaka 1948 dawa yenyewe, ndiyo vitamini B12, ilipatikana Marekani na Uingereza, fuwele nyekundu zenye kobalti ndani yake, na baadaye Dorothy Hodgkin wa Oxford akalichora umbo lake kwa miale ya eksirei.

Mwaka 1966 Edward Mason wa Iowa, ambaye alikwisha tambua kwamba waliopunguzwa tumbo kwa vidonda hukonda, alianza kuwapasua wanene kupita kiasi kwa njia ya kukipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo na ya mwanzo wa utumbo. Hapo hasara ikazidi, kwani mwanzo huo wa utumbo ndio mlango mkuu wa madini ya chuma na ya kalsiamu.

Utaratibu wa leo umetokana na hayo. Chuma na kalsiamu huzuiana, kwa hiyo hutenganishwa kwa saa mbili au zaidi. Chai nayo huzuia chuma, basi huachwa mpaka kidonge kimekwisha pita. Kalsiamu ya sitrati hupendelewa kwa kuwa haihitaji asidi ambayo tumbo dogo halina tena ya kutosha. B12 humezwa mikrogramu 1000, kiasi kinachozidi sana haja, kwa sababu takriban sehemu moja katika mia hupenya bila ya mchukuzi wa Castle. Au hudungwa kwa sindano. Na anayetapika mfululizo baada ya kupasuliwa hapaswi kungoja miaka: akiba ya vitamini B1 huisha kwa majuma machache, na upungufu wake huidhuru akili na macho, kwa hiyo huyo hupelekwa kwa tabibu siku ileile.