Nani Aliwaua Samaki wa Maabara?

Wale tuliokuwa kidato cha tatu mwaka 1994 tunalikumbuka tangi la kioo lililowekwa juu ya meza ya mwisho ya maabara, karibu na dirisha linaloukabili mlima. Mwalimu wetu wa baiolojia alitaka tuone viumbe wa bahari wakiwa hai, maana wengi wetu tuliozaliwa Sanya Juu na Ngarenairobi bahari tuliijua katika ramani tu. Fundi wa madirisha alitengeneza tangi la lita 60. Maji yalitoka Tanga katika madumu, juu ya lori la mahindi, na samaki wadogo wanne walikuja ndani ya ndoo. Nadhani kurukaruka kwa lile lori ndiko kulikowapa hewa njia nzima.

Siku ya Jumamosi waliingizwa tangini wote wanne kwa pamoja, tukapiga makofi. Maji yalikuwa meupe, kila jiwe linaonekana. Kufika Jumatano samaki walikuwa juu ya maji wakitweta. Jumapili akafa wa mwisho. Hakukuwa na baridi, kwani ulikuwa mwezi wa Februari. Basi ikatafutwa sababu, na sababu ikawa mtu. Mwenzetu mmoja alionekana akinawa kwa sabuni karibu na tangi. Alichapwa viboko vinne na kuchimba shimo la takataka kwa wiki nzima. Kiranja wa maabara aliyepeleka jina lake ni mimi.

Kwa kuwa mwaka huu tumekubaliana kuchanga ili maabara ipate tangi jipya la maji ya bahari, la lita 80, naona ni wajibu wangu kueleza jambo ambalo sikulijua siku ile. Nililikuta Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, katika somo la udongo, mahali ambapo sikutarajia kabisa kukutana na samaki.

Lakini kwanza tuanze na bahari. Mwaka 1846 mama mmoja Mwingereza, Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay ayapeleke London. Aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo ili yasigongane njiani, akayatia katika mtungi wa mawe. Maji ya bahari yalipompungukia, alimweka mtumishi wake wa kike dirishani awe anayamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, nusu saa au dakika 45 kila mara, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata aliagiza mwani kutoka pwani ukae pamoja na matumbawe, nayo yakaishi karibu miaka mitatu. Bibi Thynne akapata sifa. Jina la yule binti aliyemimina maji halitajwi. Sisi nasi tulikuwa na zamu ya jagi asubuhi na jioni, na tulijua jinsi mkono unavyouma.

Mkemia Robert Warington aliendelea mbele. Mwaka 1850 alieleza mbele ya wakemia wenzake jinsi alivyowaweka samaki wawili katika chombo chenye mimea, na jinsi maji yalivyochafuka kwa majani yaliyooza mpaka alipoongeza konokono wa kuyala. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park mjini London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza ya umma duniani, na mwaka 1854 Philip Gosse akachapisha kitabu kilicholieneza jina la akwariamu. Gosse alikwisha jua kwamba chumvi ya kupikia peke yake si bahari: lazima kuwe na magnesi na madini mengine. Watu wa Uingereza wakanunua matangi kama wazimu. Hata hivyo wengi walijaza wanyama siku moja, wanyama wakafa, na baada ya miaka michache matangi yakatupwa. Wenye matangi hao walijua habari ya hewa. Hawakujua habari ya mkojo.

Hapa ndipo udongo unapoingia. Warington alikuwa na mtoto wa kiume, jina lake vilevile Robert, aliyekuwa mkemia wa kilimo huko Rothamsted. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walithibitisha kwamba amonia hugeuka kuwa nitrati kwa kazi ya viumbe hai wasioonekana. Warington mtoto alifanya kazi miaka mingi juu ya jambo hilo, akaonyesha kwamba ni hatua mbili, zenye vijidudu vyake mbalimbali: amonia huwa nitriti, kisha nitriti huwa nitrati. Hakufaulu kuwatenga vijidudu wenyewe. Aliyefaulu ni Mrusi, Winogradsky, mwaka 1890, kwa kuwanyima ule mchuzi ambao vijidudu wengine huupenda. Kwa hiyo jibu la samaki wa baba lilikuwa mikononi mwa mtoto, shambani.

Mama zetu hawakuhitaji Rothamsted. Katika kihamba samadi mbichi haimwagwi juu ya mzizi wa mgomba, hulazwa kwanza. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake na kwa kinyesi, na chakula kilichobaki huoza kikaongeza. Baharini amonia hiyo hupotea katika wingi wa maji. Katika lita 60, ndani ya kioo kipya kisicho na vijidudu hao, hurudi kwa samaki yuleyule na kumchoma mashavu, wakati maji bado yanang'aa. Sabuni haikuhitajika. Samaki wanne katika tangi jipya walikuwa wamekwisha hukumiwa siku ile tulipopiga makofi.

Basi tangi jipya likipata maji yake, gramu 35 hivi za chumvi maalumu kwa kila lita, mifugo ya kwanza itakuwa ni hao wasioonekana. Watawekewa mawe na mchanga wa kukalia, hewa, joto la nyuzi 25 (usiku wa Julai wa Sanya Juu tunaujua), na chembe ya chakula ioze kidogo. Hiyo ni kazi ya wiki nne hadi sita. Amonia itapanda, ishuke. Nitriti itapanda, ishuke. Zote mbili zikifika sifuri, waingie konokono wawili watatu, halafu samaki mmoja mdogo, mmoja tu, na wiki mbili au tatu za kungoja kabla ya mwingine. Maji yakipungua kwa jua yaongezwe maji baridi, kwani chumvi haipandi na mvuke.

Siku ya mkutano wetu, basi, wageni watakaofika maabara wataona mawe na maji matupu. Wasitulaumu. Daftari la vipimo nimeomba akabidhiwe yule mwenzetu alifungue yeye, aandike mstari wa kwanza. Nimemwandikia na kumweleza yote haya. Amejibu kwamba atakuja, na kwamba ananidai viboko vinne, riba mbali.