Gari za mbao za Unguja: bodi ileile, injini nyingine

Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said alitandika reli nyembamba kutoka kasri lake la Mji Mkongwe hadi Chukwani. Mabehewa yalikuwa mawili, ya kifahari, yakivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultani akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kwa Bagnall, watengenezaji wa Uingereza. Nyumbu wakafunguliwa, mabehewa yakabaki. Barghash alipofariki mwaka 1888 reli iling'olewa, na kichwa chake kikaishia kuwa chuma chakavu.

Reli hiyo ilitangulia desturi ambayo Unguja imeirudia kwa zaidi ya karne nzima: chombo kikiwa bado kizima, hakitupwi kwa sababu tu kinachokisukuma kimechoka. Jahazi la tanga lilikuja kupachikwa mashine ya dizeli na umbo lake likabaki la jahazi. Gari za mbao zilizokuwa zikipita Tunguu kwenda kusini zilipitia njia hiyohiyo, na kisa chao ndicho kirefu zaidi.

Tunguu iko chini ya kilomita 20 kutoka mjini, kwenye barabara inayotoka Fuoni kuelekea msitu wa Jozani, kisha Paje, Jambiani na Makunduchi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichofungua milango yake hapo Tunguu mwaka 1998, akisubiri gari leo hupata Hiace au Coaster. Wazazi wake walipanda gari ya mbao: lori lenye paa la chini, mabenchi marefu mawili yanayotazamana, mlango wa nyuma, ubavu ulio wazi wenye turubai la kuteremshwa mvua inapoanza, na keria juu kwa ajili ya matenga, baiskeli na mikungu ya ndizi. Magoti ya abiria wa upande huu yaligusana na ya wa upande ule, na aliyepanda mwisho aliinama mpaka apate pa kukaa.

Watalii walizipiga picha gari hizo kama vitu vya kale. Hawakukosea sana kuhusu bodi. Lakini mara nyingi ukifungua boneti ya lori la Kiingereza lenye umri wa miaka 30, ulikuta dizeli ya Kijapani ikinguruma humo ndani.

Chesesi kutoka Luton, bodi kwa seremala

Kabla ya lori kulikuwa na treni nyingine. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilianza kuendesha reli ya kilomita 11 hivi kutoka Forodhani hadi Bububu. Kichwa chake kilipita vichochoro vya Mji Mkongwe kikitema cheche na moshi mbele ya milango ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 huduma ya abiria ilisimamishwa. Barabara zilikuwa zimeanza kuwa nzuri, na gari ilikwenda mahali ambapo reli haikufika.

Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, kwa hiyo gari zake nyingi zilitoka huko: Austin, Morris, na kuanzia 1931 Bedford, jina ambalo kampuni ya Vauxhall ya Luton iliyapa malori yake. Lori liliweza kununuliwa likiwa chesesi yenye injini, usukani na magurudumu, bila bodi. Bodi ilikuwa kazi ya mafundi wa hapa. Seremala alisimamisha nguzo za mbao ngumu juu ya chesesi, akazifunga kwa bolti, akaezeka paa, akapiga mabenchi, na rangi akaimalizia mwenye jicho la rangi.

Mgawanyo huo wa kazi uliamua mengi yaliyofuata. Hewa ya chumvi hula bati, lakini ubao ukioza huchongwa mwingine na kupachikwa palepale. Chesesi ya lori ni vyuma viwili vizito vilivyounganishwa kwa mikingamo, na ikipakwa rangi na kutazamwa hudumu miongo. Injini peke yake ndiyo iliyotegemea kila siku vitu vinavyovuka bahari: ringi, gasketi, beringi, plagi, vifaa vya kabureta. Siku meli isipoleta, gari ilisimama.

Spea zilipoadimika

Lori la Bedford la umbo la J lililotoka mwaka 1958 lilipendwa sana Afrika, likiwa na pua ndefu na injini ya petroli ya silinda sita. Lilikuwa rahisi kwa fundi: boneti pana, kila kitu kinaonekana, hakuna kilichofichwa. Lakini lilikunywa mafuta bila huruma, na mafuta yalikuwa ya bei ndogo kwa muda tu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha nani anaingiza nini nchini. Biashara ya nje ikawa ya serikali, fedha za kigeni zikapangiwa matumizi, na bidhaa kutoka nje zikapungua. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vikaikamua Tanzania fedha za kigeni zilizokuwa zimebaki. Karafuu, uchumi wa visiwa, nayo haikuwa na soko la kutegemewa.

Kwa mwenye gari ya mbao, yote hayo yalimaanisha jambo moja: spea haipo. Pistoni iliyochakaa ilirudishwa kazini na ringi za gari nyingine zilizosagwa mpaka zikae. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kutoka karatasi nzito. Gari mbili zilizokufa zilifanya moja inayotembea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mafundi wa miaka hiyo waliishi kwa methali hiyo. Hata hivyo silinda ina kikomo chake. Ukishaitanua mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, hakibaki chuma cha kutanua tena.

Dizeli za Kijapani zinaingia

Mlango ulifunguka mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar. Watu binafsi waliruhusiwa tena kuagiza bidhaa, na baada ya muda bandari ikaanza kupokea vitu vilivyotumika kutoka Japani na Ghuba: pikipiki, pikapu, mabasi madogo, na injini zilizokwisha kung'olewa.

Japani ilikuwa na sababu mbili za kulifaa soko hili. Ya kwanza, huko huendeshwa kushoto, usukani ukiwa kulia, kama kwetu. Ya pili, ukaguzi wa lazima wa magari nchini Japani ni wa gharama, na gari inavyozeeka mwenyewe huona afadhali aiuze kuliko kuilipia tena. Kwa hiyo gari huuzwa nje ikiwa bado na maisha marefu mbele yake. Isuzu Elf, iliyoanza kutengenezwa 1959, na Mitsubishi Canter, iliyofuata 1963, zilikuwa zimesambaa duniani. Dizeli zao za silinda nne zilikuwa ndogo kuliko ile petroli ya silinda sita, lakini zilivuta mzigo kwa mwendo wa chini na mafuta kidogo.

Mwenye Bedford alikuwa na hesabu rahisi. Gari nyingine kamili ilikuwa ghali, na bodi yake ya mbao bado ilikuwa nzima. Injini ya mtumba pamoja na giaboksi yake iligharimu sehemu tu ya bei hiyo. Akaenda kwa fundi.

Kazi chini ya mti

Kubadilisha injini ni kazi inayoonekana ya nguvu, kumbe zaidi ni ya kupima. Nguzo tatu hufungwa pamoja juu, cheni bloku huning'inizwa katikati, injini ya zamani hunyanyuliwa na lori husukumwa nyuma. Hapo ndipo maswali huanza.

Swali la kwanza ni pa kukaa. Sampu ya injini mpya isigonge ekseli ya mbele springi zikibonyea. Maunti za zamani hazilingani na mashimo ya mpya, kwa hiyo vyuma hukatwa, hujaribishwa na kuchomelewa. Tena visichomelewe ovyo, maana dizeli hutikisika kuliko petroli. Petroli ya zamani hubana mchanganyiko wake mara saba hivi, dizeli hubana hewa mara 16 au zaidi ndipo mafuta yawake bila plagi. Mtikisiko huo wote huishia kwenye maunti.

La pili ni propela. Giaboksi ya Kijapani haina urefu wa ile ya Kiingereza, na shafti inayopeleka nguvu kwenye difu hukatwa au huongezwa, kisha huchomelewa ikiwa imenyooka sawasawa. Ikipinda kidogo tu, gari itatetemeka kuanzia Fuoni mpaka Makunduchi na krosi zitaisha upesi.

La tatu ndilo linalomtofautisha fundi na mbabaishaji: breki. Lori la petroli husaidiwa kushika breki na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini yenyewe, ambao mafundi huuita vakyumu. Dereva akiachia mafuta, kilango cha kabureta hujifunga, injini hunyonya na mnyonyo huo huongeza nguvu ya mguu kwenye pedeli. Dizeli haina kilango hicho. Hewa huingia wakati wote bila kizuizi, na mnyonyo haupo. Anayeunganisha mpira wa breki kwenye dizeli bila kuwaza hupata gari inayokwenda vizuri sana na kusimama kwa shida, huku ina watu 25 nyuma. Dawa yake Wajapani waliiweka kwenye alteneta: pampu ndogo ya vakyumu inayozunguka pamoja nayo. Fundi mjuzi aliponunua injini aliitazama alteneta kabla ya kuitazama injini.

Hatimaye huja rejeta, nyaya na betri, maana baadhi ya dizeli hizo ni za volti 24 na taa za lori huenda ni za volti 12. Kisha namba ya injini kwenye kadi ya gari hupaswa kubadilishwa, jambo ambalo wengine walilifanya mara moja na wengine walilikumbuka waliposimamishwa barabarani.

Wamarekani na magari yao ya misuli

Kazi hii ina ndugu yake tajiri ng'ambo ya Atlantiki. Tarehe 17 Aprili 1964, siku tisa kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Ford ilizindua Mustang mjini New York. Mwaka huohuo Pontiac ilikuwa ikiuza GTO, gari ya kawaida iliyotiwa injini ya lita 6.4 ya silinda nane. Magari ya aina hiyo, yenye injini kubwa kupita bodi zao, Wamarekani waliyaita ya misuli. Bei ya mafuta ya 1973 na sheria za moshi ziliyapunguza nguvu, lakini mapenzi ya watu hayakupungua.

Mwaka 1997 General Motors ilitia ndani ya Corvette injini mpya ya lita 5.7 iliyoitwa LS1, yenye bloku ya alumini na mafuta yanayoongozwa na kompyuta. Tangu hapo injini za ukoo huo zimekuwa zikipachikwa kwenye Camaro na Chevelle za miaka ya 1960. Gari inabaki na sura yake ya ujana, inawaka kwa mkupuo mmoja asubuhi, inatumia mafuta kidogo kuliko zamani na ina nguvu zaidi. Wapo wanaolalamika kwamba gari ya namna hiyo si ya asili tena.

Maswali ya fundi wa Detroit ni yaleyale ya Unguja: maunti, sampu, propela, breki. Malengo ndiyo yanayoachana. Mmarekani anaitafuta injini yenye kompyuta, aiunganishe na laptopu na kuipangilia. Fundi wa gari ya mbao alitafuta isiyo nayo, yenye pampu ya dizeli inayofanya kazi kwa chuma na springi, ili ikizima njiani Kitogani dereva aifungue kwa spana mbili na kutoa hewa kwenye mpira wa mafuta. Kule injini hubadilishwa gari irudi kwenye maonyesho. Hapa ilibadilishwa ndizi zifike sokoni Darajani kabla ya saa mbili asubuhi, na swali la asili halikumshughulisha mtu.

Injini inayofuata

Safari hii zamu ni ya dizeli kuondolewa. Nairobi, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa 2017, na ambayo tangu 2022 huitwa Roam, ilianza kwa kung'oa dizeli za Land Cruiser za kupeleka watalii mbugani na kutia mota ya umeme na betri. Bodi ileile, chesesi ileile.

Kwa Unguja wazo hili lina mashiko. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi na vilima vyake havifiki mita 130, kwa hiyo betri haina mlima wa kupanda wala safari ndefu. Shaka iko kwenye nyaya. Tangu 1980 umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na ulipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani mpaka Machi 2010. Daladala za dizeli ziliendelea kubeba watu miezi yote mitatu. Waya mpya, mkubwa zaidi, ulianza kazi 2013, lakini mwenye daladala aliyekiona kiza kile hataikubali mota kwa maneno matupu.

Akikubali, ataihitaji elimu iliyopatikana chini ya mti. Betri ni nzito: chesesi itazibeba wapi? Mota ya umeme nayo haina vakyumu: breki zitasaidiwa na nini? Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kila anayetengeneza nyumba humo huambiwa awasikilize mafundi wanaojua mawe na chokaa. Mafundi walioifanya Bedford ivute kwa Isuzu wamekwisha kuwa wazee, na walichokijua hawakukiandika popote. Tunguu ina chuo kikuu, na barabara inayopita hapo imebeba gari hizo kwa miongo. Wanafunzi wakae nao, wachore vipimo, waandike nani alikata nini na kwa nini, kabla kazi ya kwanza ya umeme haijaanza kwa kukisia.