Deni Linalomsubiri Mfungwa Kijijini

Parole ni neno la Kifaransa lenye maana ya ahadi ya mdomo. Tanzania ililiingiza katika sheria zake mwaka 1994, kwa Sheria ya Bodi za Parole: mfungwa aliyetumikia theluthi ya kifungo kwa mwenendo mzuri aweze kumalizia muda uliobaki uraiani, chini ya uangalizi. Waliofungwa maisha, wa unyang'anyi wa kutumia silaha na wa dawa za kulevya hawamo. Anayetoka kwa utaratibu huu akikataliwa na watu wake, lawama huenda kwenye urasimu au kwenye roho mbaya za wanakijiji. Mimi naona chanzo ni cha zamani zaidi, na historia ya Singida inakionyesha waziwazi. Tangu jela iletwe, adhabu hulipwa kwa serikali, na aliyekosewa haambulii kitu. Mfungwa anamaliza kifungo, lakini kwa majirani zake bado anadaiwa.

Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida, wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe, hawakuwa na nyumba ya kumfungia mtu. Kama ilivyokuwa kwa jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki, kosa lilizungumzwa na wazee wa pande mbili na kumalizwa kwa mifugo. Ng'ombe walitoka zizi moja wakaingia jingine, watu wakishuhudia, na shauri likaisha. Swali la mkosaji kurudi halikuwapo, kwani hakuwa ameondoka. Wajerumani wakajenga boma Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na jingine Mkalama, na adhabu ikawa mnyororo na viboko hamsa wa ishirini. Waingereza wakafuata, na mwaka 1931 wakaitenga Idara ya Magereza na Polisi. Mfungwa sasa alifyeka na kupasua mawe kwa faida ya serikali, huku aliyeibiwa mbuzi akirudi nyumbani mikono mitupu. Hata aliyeshindwa kulipa kodi alitiwa kazi za lazima. Serikali ilijua sana kudai deni lake; la jirani kwa jirani ililiacha lioze.

Yupo atakayesema kwamba naupamba wakati uliopita. Fidia ya ng'ombe ilimfaa mwenye zizi kubwa. Maskini na mjane wangelipa nini? Tena, katika miaka ya 1940 Singida ilikumbwa na mauaji yaliyofanywa na wale walioitwa watu-simba, waliouawa wakiraruliwa kana kwamba wameliwa na mnyama, na serikali ya kikoloni ikawanyonga baadhi ya walioshtakiwa. Hakuna kundi la ng'ombe ambalo lingetosha hapo. Nakubali yote mawili, wala sidai milango ya magereza ya Singida, Manyoni na Kiomboi ifunguliwe. Hoja yangu inamhusu yule ambaye atarudi tu, iwe leo au baada ya miaka mitano.

Wengine watanikumbusha kwamba fidia imo sheriani tayari. Ni kweli: Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliitaja, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa hakimu uwezo wa kuiamuru. Lakini aliye ndani atalipa kwa kipi? Mifugo imeshauzwa kugharimia kesi, na jembe analoshika gerezani halimpi mlalamikaji hata debe la alizeti.

Msamaha wa Rais ndio kabisa haumuulizi mtu kijijini. Tarehe 9 Desemba 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157, na kati yao 1,828 walitakiwa kutoka siku hiyohiyo. Waliobaki walipunguziwa vifungo. Ilikuwa huruma ya kweli, nami siibezi. Parole inapita hapo kwa jambo moja kubwa: inataka maoni ya jamii atakakorudi mfungwa. Mtu aliyekatwa panga anakaa kwenye benchi la ofisi ya mtendaji, mkono umekauka, anaulizwa kama ana pingamizi. Ajibu nini, ikiwa kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kwake hata na kuku? Na yule aliyemkata anashuka basi Shelui na mfuko wa nailoni mkononi, akute shamba lake linalimwa na mdogo wake. Wote wawili wamepoteza, na hakuna baraza lililowakutanisha.

Parole inaweza kuwa baraza hilo. Anayeachiwa apewe sharti la kulipa kidogokidogo, kwa mavuno au kwa nguvu zake, mbele ya wazee na mtendaji, kwa kiasi anachokimudu hata asiye na zizi. Ombi langu kwa wanaoamua maombi ya parole Singida ni hili: kabla ya kumuuliza mlalamikaji kama amesamehe, mumuulize amelipwa nini.