Kipigo, kifungu cha 66 na wale akina mama wa msaada wa kisheria

Najua nimepotea, testi zilinikaba na madesa yenyewe hayaishi. Leo sina stori za kafeteria wala za boom kuchelewa. Hapa hosteli ulizuka ubishi juzi, jamaa mmoja akauliza: mwanamke akipigwa na mumewe, mwanasheria anamsaidia nini? Si aende polisi tu yaishe? Nikaona badala ya kukesha nabishana niandike, maana mimi nasoma historia na jambo hili lina historia yake, tena ndefu.

Tuanzie 1971. Kabla ya hapo mambo ya ndoa Tanzania yalikuwa yametawanyika: huku mila, huku dini, huku sheria za mkoloni. Mwaka 1969 serikali ikatoa waraka wa kupendekeza sheria moja, watu wakabishana weee, na 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa. Humo ndani kuna kifungu cha 66. Kinasema bila kuzunguka kwamba hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mwaka 1971 jamani! Uingereza wenyewe sheria yao ya kwanza ya ukatili wa majumbani waliipata 1976.

Sasa hapo ndipo utamu unapogeuka shubiri. Kifungu kinasema huna haki ya kupiga, ila hakitaji adhabu ukipiga. Kwa hiyo aliyepigwa anatumia Kanuni ya Adhabu: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, na kadhalika. Mume akitozwa faini, mara nyingi inatoka kwenye hela ile ile ya unga. Akifungwa, nyumba inabaki bila mlishaji na mashemeji wanamjia juu mke. Akina mama wengi hawataki mume afungwe, wanataka kipigo kikome. Amri ya mahakama ya kumzuia mume asimsumbue mkewe ipo ndani ya Sheria ya Ndoa, lakini inataka kwanza kuwe na shauri la ndoa mahakamani. Yaani ili ulindwe, fungua kesi ya kutengana au talaka. Na talaka nayo kwa kawaida haifunguliwi mpaka mpite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, likishindwa likupe hati kwamba limeshindwa.

Mnaona mlolongo huo? Mtu ana jicho limevimba, ana mtoto mgongoni, halafu azijue njia zote hizo peke yake.

Ndio maana wakatokea watu wa kumshika mkono. Hapa Mlimani Kitivo cha Sheria kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini wimbi kubwa lilikuja miaka ya 1980. Mwaka 1985 mkutano wa dunia wa wanawake ulifanyika Nairobi, mwaka huo huo Tanzania ikaridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na Kenya ikaanzishwa FIDA ya kwao. Huku kwetu waandishi wa habari wanawake wakaunda TAMWA mwaka 1987. Kituo cha WLAC kilianza 1989 kikiwa chini ya SUWATA, kikasajiliwa chenyewe 1994. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nacho ni cha kipindi hicho hicho. TAMWA walipiga kelele magazetini, wanasheria wakakaa mezani na faili. Kazi mbili tofauti ila zinategemeana.

Nadhani ubishi wa hosteli ulikosea hapa: watu wanafikiri wakili ni yule wa sinema, kavaa joho, anapiga meza. Kumbe kwa miaka mingi mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa kusimama Mahakama ya Mwanzo, na huko ndiko mashauri mengi ya ndoa ya watu wa kawaida yanakoanzia. Mlango ulifunguliwa 2021 tu, tena pale anapokaa hakimu mkazi. Kwa hiyo wanasheria wa misaada walijifunza kazi nyingine: kumwandaa mama asimame mwenyewe.

Nimeliona hili kwa mama yangu mdogo. Mwaka 2016 alikuja kwetu na begi moja na watoto wawili. Kule mtaani kwao alikuwa ameshapelekwa kwa wazee mara tatu, kila mara anaambiwa "vumilia, ndoa ndivyo zilivyo". Siku ya nne akaenda kituo cha msaada wa kisheria. Yule dada wa kituo hakumwambia aachike wala asiachike. Kwanza alimwuliza leo utalala wapi. Halafu: una PF3? Una cheti cha ndoa, cha kliniki cha watoto, karatasi za hospitali? Nani alisikia ukipigwa? Wakamwandikia mume barua ya wito, hakuja. Wakamwelekeza baraza, wakamwandikia maombi yake, wakamfundisha kusema tarehe na tukio badala ya kulia tu na kusema "ananitesa". Siku ya mahakama yule dada hakuingia. Mama mdogo aliongea mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Tanga, akamaliza. Alichonisimulia ni hiki: "Sikuogopa, maana maswali yote nilikuwa nimeshaulizwa."

Kuna kitu kingine kinachowarudisha akina mama kwenye kipigo: nyumba. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Cha ajabu yeye mwenyewe rufaa yake haikufanikiwa, ila kanuni ikabaki na wengine wanaitumia hadi leo. Mwanamke akijua hatatoka mikono mitupu, anapata nguvu ya kutoka.

Mengine nayapitia haraka. Sheria ya makosa ya kujamiiana 1998. Baadaye madawati ya jinsia na watoto vituo vya polisi. Mwaka 2017 Sheria ya Msaada wa Kisheria ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wale wa vijijini ambao si mawakili. Majirani wametutangulia kwenye sheria maalum ya ukatili wa majumbani: Uganda 2010, Kenya 2015. Pale unaweza kuomba amri ya ulinzi bila kudai talaka. Sisi Bara bado tunaunganisha viraka, na utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafike miaka 15.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sheria ya 1971 ilitoa haki bila kutoa njia, na njia imechongwa na hawa akina dada, faili moja moja. Tungekuwa na sheria inayolinda kwanza halafu ndiyo iulize habari za talaka, wangeokoa wengi zaidi. Wanasheria watarajiwa mliomo humu, mnalionaje? Na kama una dada, jirani au roommate yuko kwenye hali hiyo, mwambie atunze karatasi zake na aende dawatini au kituo cha msaada wa kisheria, kwa asiye na uwezo ni bure.

Naishia hapa, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Alamsiki.