Jiolojia ya Milima ya Uluguru

Jiolojia ya Milima ya Uluguru inahusu miamba ya milima iliyopo kusini mwa mji wa Morogoro, mashariki mwa Tanzania. Vilele vyake vinapita mita 2,600, lakini Uluguru si volkeno kama Kilimanjaro au Meru. Hata hivyo, wanajiolojia wengi huona sehemu kubwa ya miamba yake kuwa mizizi ya tao la volkeno la kale, lililokuwepo kabla mabara hayajaungana kuwa Gondwana.

== Tao la volkeno ==
Tao la volkeno ni safu ya volkeno inayotokea pale ambapo bamba moja la gandunia linazama chini ya jingine. Bamba linalozama hutoa maji, na maji hayo huwezesha mwamba wa moto ulio juu yake kuyeyuka. Mifano ya leo ni Japani, Indonesia na milima ya Andes. Bahari iliyo kati ikiisha kumezwa, tao hugandamana na bara la jirani.

Jina la "Milima ya Tao la Mashariki", ambayo Uluguru ni sehemu yake, halitokani na jambo hilo. Linaeleza tu jinsi milima hiyo ilivyojipanga kwenye ramani, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa.

== Miamba ==
Karibu miamba yote ya Uluguru ni miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na kanieneo. Iliyo mingi ni granuliti, mara nyingi yenye chembe nyekundu za garneti. Mwaka 1998 Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk walionyesha kwamba granuliti za mashariki mwa Tanzania zilifikia joto la sentigredi 800 hivi, katika kina cha kilomita 30 hadi 40. Kwa hiyo volkeno zilizokuwa juu yake zimekwisha kumomonyoka. Kilichobaki ni kile kilichokuwa chini yake.

Ipo pia anothositi, mwamba mweupe uliotokana na magma iliyoganda chini ya ardhi. Marumaru ilianza kama mawe ya chokaa yaliyotandazwa baharini. Huko Matombo hupatikana rubi ndani yake. Mishipa ya pegmatiti iliyopenya baadaye ina ulanga, uliochimbwa tangu enzi za ukoloni.

== Umri ==
Umri hupimwa kwa chembe za madini ya zirkoni, ambamo urani hugeuka polepole kuwa risasi. Sospeter Muhongo na J. L. Lenoir walichapisha vipimo vya namna hiyo kwa granuliti za Tanzania mwaka 1994. Uchunguzi uliofuata ulitenganisha sehemu mbili za chembe za anothositi ya Uluguru: kiini kina zaidi ya miaka milioni 800, wakati magma ilipoganda, ganda la nje lina takriban miaka milioni 640, wakati mwamba ulipogeuzwa kwa joto.

== Kuungana kwa mabara ==
Uluguru imo katika Ukanda wa Msumbiji, uliopewa jina hilo na Arthur Holmes. Magharibi yake, katikati ya Tanzania, liko bara dogo la kale linaloitwa Kratoni ya Tanzania, lenye zaidi ya miaka milioni 2,500. Miamba ya ukanda huo iliyo karibu na kratoni ni ya kale vilevile, ila ilipashwa moto upya takriban miaka milioni 550 iliyopita. Ile ya Uluguru ni changa kwa asili. Tofauti hiyo huonyesha kwamba vipande viwili vyenye historia mbalimbali viligandamanishwa.

Wataalamu hawakubaliani kuhusu chanzo cha joto la miaka milioni 640 iliyopita. Wengine hulihusisha na mgongano wa mabara uliofunga bahari. Appel na wenzake walilihusisha na magma iliyorundikana chini ya ukingo wa bara, mahali panapofanana na Andes, kabla ya mgongano wenyewe.

== Umbo la leo ==
Urefu wa sasa wa milima hautokani na tao hilo. Ardhi ilipasuka muda mrefu baadaye, na kipande cha Uluguru kikabaki juu huku mabonde yaliyokizunguka yakishuka. Mvua na mito viliendelea kukichonga.