Kuni Kavu: Sura Iliyorukwa katika Historia Yetu



Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, naamini alitarajia Vita vya Maji Maji, ama safari za Dakta Livingstone. Hayo yameandikwa na mabingwa. Mimi nitasema juu ya kuni, na sababu yangu ni ya leo. Mwaka 2023 Serikali ilitoa agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kupikia kuni na mkaa. Mwezi Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Basi jiko la kuni la shule, lile tulilolijua sote kwa pua kabla ya macho, liko njiani kuondoka. Mimi silililii. Aliyewahi kuona macho ya wapishi wetu wakati wa masika hawezi kulililia.

Lakini wengi wenu mkifunga shule mnarudi katika nyumba ambazo moto wake bado ni wa kuni, na hasa huku Nyanda za Juu ambako mwezi Julai hakuna anayekaa mbali na jiko. Nyumba hizo hazitabadilika kwa siku moja. Nami naona kwamba elimu ya kuni, yaani ukuni upi uchaguliwe na ukaushwe vipi, inatoweka upesi kuliko kuni zenyewe. Ikitoweka, watakaolipa ni akina mama kwa mapafu yao na milima yetu kwa miti yake.

Tuanze na reli, kwa maana reli ndiyo iliyowafanya watawala wazitazame kuni kwa macho makali. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu, Desemba 1901. Injini zake zilikula kuni, na msitu wa kandokando ya njia ukaliwa pamoja nazo. Mwaka 1902 ikaanzishwa idara ya misitu, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ikawa kupanda miti ya kigeni iotayo haraka, mikaratusi na miwati, ili injini zisikose chakula. Huku kwetu Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, na huko nako miti ya miombo iliingia tumboni mwa injini vivyo hivyo. Kuni hizo zilipangwa kwa mirundo vituoni zikingoja garimoshi. Injini isiyopata mvuke haipandi mlima, wala haijali maneno. Dereva aliyepewa kuni mbichi alijua mara moja. Jikoni, mpishi aliyepewa kuni mbichi aliambiwa apulize zaidi.

Uhabeshi kuna kisa kinachofaa kukumbukwa hapa. Mji wa Addis Ababa ulianzishwa mwaka 1886, na katika muda wa miaka kumi na kitu tu milima iliyouzunguka ilikuwa imevuliwa miti. Mfalme Menelik alifikiri kuuhamisha mji mkuu kwenda Addis Alem, upande wa magharibi, kwa sababu hiyo hiyo ya kuni. Kilichouokoa mji ni mkaratusi kutoka Australia, ambao ulipandwa kwa wingi ukaota haraka kuliko yeyote alivyotegemea. Waamhara wakauita bahr zaf, mti wa kutoka ng'ambo ya bahari. Ni miji michache duniani inayoweza kusema ilibaki mahali pake kwa sababu ya kuni.

Nasi Njombe tuna mti wetu wa Australia, muwati. Kampuni ya miwati iliyokuja kujulikana kama TANWAT ilianza mwaka 1949, nayo haikutafuta kuni hata kidogo. Ilitafuta gome, ambalo hutoa dawa ya kulainishia ngozi viwandani. Mti ukifika miaka minane hadi kumi hubanduliwa gome, na gome hubanduka vizuri wakati wa mvua, utomvu unapopanda. Shina linabaki uchi, jeupe, halina kazi. Hapo ndipo wananchi walipopata bahati yao. Gome ni koti la mvua ambalo mti umejivika, nalo huzuia maji yasitoke kama linavyozuia yasiingie. Ukuni uliovuliwa gome hukauka mbele ya mwenzake. Nadhani sifa kubwa ya muwati jikoni katika wilaya zetu imetokana kwa sehemu na jambo hilo. Watu walikuwa wakiletewa kuni zilizokwisha menywa, wakasifu mti. (Waama mti wenyewe ni mzuri pia: ni mzito, na makaa yake hukaa. Ubaya wake ni kwamba huenea mahali usipoalikwa, na wenye mashamba karibu na vijito wanalijua hilo.)

Sasa nije kwenye miaka ambayo wengi wetu tulikuwa na akili timamu. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani kote. Mwaka 1975 Mmarekani Erik Eckholm akaandika kijitabu akikumbusha kwamba kwa maskini wa dunia shida ya nishati si petroli bali ni kuni. Mwaka 1977 Wangari Maathai akaanzisha Green Belt Movement nchini Kenya, akina mama wakapanda miche. Kwetu, mwaka 1980, ikaja kampeni ya redio ya Misitu ni Mali, baada ya zile za Mtu ni Afya ya 1973 na Chakula ni Uhai ya 1975. Watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, na vitabu mkononi. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ukaitisha mkutano mkubwa Nairobi juu ya nishati mpya, na katika miaka iliyofuata majiko banifu ya kila namna yakasambaa, ya udongo, ya bati, ya matofali.

Kazi ile ilikuwa njema na siidharau. Lakini tazameni vizuri. Mradi mmoja ulishughulika na mti uliosimama. Mradi wa pili ulishughulika na jiko. Kati ya shoka na jiko kuna miezi ambayo ukuni umelala tu, na miezi hiyo haikupata kampeni yake wala wimbo wake. Kisa chake nadhani ni kwamba kukausha kuni kulihesabiwa kuwa kazi ya nyumbani, ya wanawake, na kazi ya namna hiyo haikuonekana kuwa maarifa.

Ni maarifa makubwa. Mti uliokatwa leo, aghalabu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiuacha ukauke vizuri hewani, maji hubaki kama asilimia 15 hadi 20. Kilo moja ya kuni yenye nusu maji hutoa joto la megajuli 8 hivi. Kilo moja iliyokauka hadi asilimia 20 hutoa karibu 14. Mama anayebeba tita la kuni mbichi kutoka msituni anabeba maji kichwani, kisha anayachemsha maji hayo kwa moto ule ule ambao ungechemsha maharage. Hakuna jiko banifu linaloweza kuirudisha hasara hiyo. Zaidi ya hayo, moto uliopoozwa na maji hauunguzi gesi zake zote; zinatoka zikiwa moshi mzito unaouma macho na kukaa kifuani. Na kwa wenye jiko la chuma lenye dohani, moshi huo huganda ndani ya bomba ukawa kama lami nyeusi, ambayo siku moja inaweza kushika moto yenyewe. Dohani isafishwe angalau mara moja kila mwaka, hata kama kuni ni kavu.

Bibi zetu hawakujua megajuli, lakini juu ya mafiga waliweka uchaga. Ukuni mbichi ulipanda uchagani, ukakaushwa na joto ambalo lingepotea bure, na moshi ukawafukuza wadudu wanaotoboa miti. Ukuni haukushuka mpaka umeitwa. Bibi yangu alikuwa akigonga kuni mbili, moja kwa nyingine: zikilia kwa sauti kali, kama vigae, zimeiva, zikitoa sauti nzito ya kuziba, zinarudi juu. Kipimo hicho ni sahihi mpaka leo. Vingine ni nyufa zinazotoka katikati ya kichwa cha ukuni kama miali ya jua, gome linalolegea, rangi iliyofifia, na wepesi mkononi.

Tulipojenga nyumba za bati zenye dari, uchaga ukaondoka na hakuna kilichochukua nafasi yake. Kuni zikawekwa nje chini, zikanyeshewa. Kilichopaswa kuchukua nafasi yake ni banda, na banda la kuni ni kitu rahisi. Paa juu, pande zote wazi. Kuni zisiguse ardhi. Zilazwe juu ya magogo mawili au mawe. Vichwa vyake vielekezwe upande wa upepo, kwa sababu maji hutoka zaidi kwa kufuata nyuzi za mti kuliko kwa ubavuni. Wako wanaofunika mrundo mzima kwa turubai mpaka chini wakidhani wanazikinga. Hao wanazipika kwa mvuke, na uyoga utawashukuru.

Zaidi ya yote, zipasuliwe kwanza. Gogo zima lenye gome linaweza kukaa mwaka na ndani bado likalia maji. Lipasue kwa unene wa kifundo cha mkono, nalo hukauka katika kiangazi kimoja. Mkaratusi hasa upasuliwe ungali mbichi, maana ukikauka hurudisha shoka kwa mwenyewe. Huku kwetu mvua hukoma karibu na Mei na kurudi Novemba. Mwenye kukata na kupasua mwezi Mei ana miezi mitano ya upepo mkavu anayopewa bure. Anayekata Oktoba ameikosa.

Kuhusu uchaguzi wa mti, mabishano ni mengi na sitayamaliza. Watu wa pwani husifu mvinje na mkoko, na wana haki. Mgunga hauna wa kuulaumu, isipokuwa miiba. Msonobari hukamata upesi, unafaa kuwashia, lakini utomvu wake hufanya masizi mengi usipokauka sawasawa. Siku hizi matawi ya miparachichi yaliyopogolewa yamejaa Njombe nzima. Yakikauka yanafaa kwa moto mwepesi wa chai. Mnyaa usiingie jikoni kabisa, kwa kuwa utomvu na moshi wake huumiza macho. Hukumu yangu ni kwamba ukuni mwepesi uliokauka unaushinda ukuni mzito ulio mbichi kila siku ya juma.

Na ununuzi je? Shule moja niliyofundisha ilinunua kuni kwa lori, kila mwezi, na kuzichoma wiki ile ile. Muuzaji akiuza kwa uzito, ubichi ni faida yake. Akiuza kwa ujazo, kuni zilizopinda ni faida yake, kwa kuwa mnunuzi ananunua na hewa iliyo katikati. Hata katika mrundo uliopangwa vizuri, theluthi moja hivi ni hewa. Mnunuzi mwenye akili hununua kwa ujazo, zilizonyooka, mapema, miezi sita kabla ya kuzihitaji.

Sasa nina ombi kwa wanafunzi wa fizikia. Mzani uko maabara. Chukueni vipande vinne vya mkaratusi mmoja, vya urefu mmoja: kimoja kizima na gome lake, cha pili kizima kilichomenywa, cha tatu kilichopasuliwa na kuwekwa chini ya paa, cha nne kilichopasuliwa na kuachwa chini uwanjani. Mvipime kila Jumamosi kuanzia Mei mpaka mvua za kwanza, na kuandika. Kipande kinachoacha kupungua uzito kimekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Majedwali yenu mumpe mhariri, ayachape katika toleo lijalo.