Mlo wa umri wa makamo na afya ya uzeeni

Mlo wa umri wa makamo ni ulaji wa kila siku wa mtu aliye kati ya miaka 40 na 65 hivi. Umri huo ni kipindi cha udanganyifu. Mtu anaamka mzima na kufanya kazi zake, huku shinikizo la damu likipanda pole pole, sukari ikizidi, na mafuta yakijijenga kwenye kuta za mishipa. Madhara hujitokeza miaka 15 au 20 baadaye, kama kiharusi, kisukari, maradhi ya moyo, ugonjwa wa kusahau, au miguu isiyoweza tena kupanda ngazi. Ndiyo maana watafiti wa lishe hawahesabu tena miaka ya kuishi peke yake. Wanataka kujua pia kama mtu atafika uzeeni akijitegemea.

Ushahidi mpana unatoka Marekani. Mwaka 1976 wauguzi wanawake 121,700 waliandikishwa katika utafiti wa muda mrefu, na mwaka 1986 ukaanzishwa mwingine wa wanaume 51,529 wa fani za afya, wakiwemo madaktari wa meno, wafamasia na madaktari wa mifugo. Kila baada ya miaka michache washiriki walijaza dodoso la kueleza walichokula. Machi 2025 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo ya watu 105,015 kutoka makundi hayo mawili, wakiwa wamefuatiliwa kwa hadi miaka 30.

Kipimo chao cha uzee wenye afya kilikuwa kigumu: kufika miaka 70 bila hata moja kati ya magonjwa sugu makubwa 11, akili ikiwa timamu, mwili ukiwa na nguvu na moyo ukiwa mtulivu. Waliofaulu walikuwa 9,771 tu, hawafiki hata mmoja katika kila 10. Tena washiriki wote walikuwa watu wa fani ya afya, katika nchi tajiri.

Waliokula vizuri zaidi, kwa kigezo cha ulaji bora kilichobuniwa Harvard, walikuwa na uwezekano wa kufaulu ulio juu kwa asilimia 86 kuliko waliokula vibaya zaidi. Umri uliposogezwa hadi 75, uwezekano wao ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa waliokula vibaya zaidi. Matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa, karanga na jamii yake, mikunde na mafuta ya mimea viliambatana na uzee mwema. Chumvi nyingi, vinywaji vya sukari, nyama nyekundu na ile iliyosindikwa viliambatana na kinyume chake. Jambo la kutia moyo ni kwamba milo minane tofauti ilipimwa na yote ilielekea upande huo mmoja. Wala haikuwa lazima mtu aache nyama kabisa.

Utafiti wa namna hii una mipaka yake. Washiriki wengi walikuwa Wazungu, na anayekula vizuri mara nyingi pia hutembea zaidi na havuti sigara. Wachunguzi walijitahidi kutenganisha mambo hayo kwa hesabu, lakini hesabu haiondoi shaka yote.

Kuhusu chumvi, shaka ni ndogo zaidi kwa sababu kuna jaribio halisi. Katika vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au waliokuwa na miaka 60 na zaidi wakiwa na shinikizo la damu, walishirikishwa. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu. Vingine viliendelea na chumvi ya kawaida. Baada ya takribani miaka mitano, viharusi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Hawa walikuwa tayari wazee na wagonjwa. Kuanza mapema kuna faida, lakini anayeanza akiwa na miaka 65 hajachelewa. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie chumvi hiyo bila ushauri wa daktari, kwa kuwa potasiamu inaweza kumlimbikia mwilini.

Mlo unaweza pia kuharibika ndani ya kizazi kimoja. Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani vilivyosifika kwa wazee wa miaka 100, mwaka 1949 vilipata takribani theluthi mbili ya nishati ya chakula kutoka viazi vitamu. Katika miaka iliyofuata, chini ya utawala wa Marekani, nyama za makopo na vyakula vya haraka vilienea. Takwimu za mwaka 2000 zikaonyesha umri wa kuishi wa wanaume wa Okinawa umeporomoka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani.

Kaskazini mwa Tanzania, mwelekeo kama huo umepimwa maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi na taasisi ya tiba ya KCMC ya Moshi walifanya jaribio la mlo kwa vijana wa kiume 77 wa eneo la Kilimanjaro. Waliohama kwa wiki mbili kutoka kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) na mboga za majani kwenda vyakula vya mtindo wa Kimagharibi walionekana damuni kuwa na dalili zaidi za uvimbe wa ndani, hali ya kinga kubaki imewashwa bila sababu. Wengine, waliozoea mlo wa Kimagharibi, walipata nafuu walipohamia mlo wa asili, na sehemu ya mabadiliko ilidumu wiki nne baadaye. Washiriki walikuwa vijana, lakini uvimbe huo ukidumu miaka mingi huchangia maradhi ya moyo na kisukari.

Baada ya miaka 60 mahitaji hubadilika. Misuli hupungua, na tumbo hunyonya vitamini B12 kwa shida zaidi. Kiu nayo hufifia, hata mzee akaweza kukaukiwa maji bila kuhisi. Hapa nyumba nyingi za Afrika Mashariki hukosea kwa upendo: mzee aliyepoteza meno huletewa uji mtupu, chai na mkate, chakula laini chenye wanga mwingi na protini kidogo. Wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa mkubwa wa figo. Kwa mzee wa kilo 60 hiyo ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa karibu 15. Dagaa waliosagwa na karanga zilizopondwa huingia hata ndani ya uji wenyewe, na dagaa humpa pia B12 na madini ya mifupa.